SIKU ZA MAMA NA SINDANO YA CHANJO: TUULIZE, TUANDIKE, TUSIVUMISHE

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru



Akina mama wapendwa, akina baba, vijana, na viongozi wote wa vikundi mliotoka Kiandutu, Makongeni, Kiganjo, Landless, Kimbo, Kihunguro na Gatongora, karibuni. Tunajua wengine wenu si Wakatoliki. Karibuni vilevile. Kikundi cha kujisaidia hakimuulizi mtu anasali wapi. Kinamuuliza kama ameleta mchango wake.

Leo hatutazungumza juu ya kuku, wala tangi za maji, wala mkopo. Mada ya leo imeombwa na akina mama wenyewe. Tunapotembelea vikundi, mkutano ukiisha na vitabu vikifungwa, mara nyingi mama mmoja hubaki nyuma akipanga viti polepole. Wengine wakishatoka, ndipo anauliza: "Hii chanjo ya korona, si ndiyo iliyoharibu siku zangu?" Mwingine anauliza: "Binti yangu ana miaka kumi. Wanataka kumchanja. Kweli atakuja kuzaa?"

Tumeona ni afadhali swali hili liulizwe mchana, mbele ya watu, kuliko kunong'onwa mlangoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na nyinyi akina baba msitoke nje kuvuta hewa. Hakuna mwanaume hapa ambaye hakuzaliwa na mama aliyekuwa akienda mwezini. Nauli ya hospitali mara nyingi iko mfukoni mwenu, kwa hiyo jambo hili ni lenu pia.

Mwezi wa mama huendaje?

Tuanze hapa, kwa sababu wengi wetu hatukufundishwa. Tulipewa kitambaa tu, tukaambiwa tusicheze na wavulana.

Mwezi wa mama huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya kuona damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Vitabu vya shule husema siku 28, lakini si kila mama ana 28. Madaktari wanasema kati ya siku 24 na 38 ni kawaida, na damu yenyewe isizidi siku nane. Tena mwezi wa mama huyo huyo hucheza kidogo: leo siku 27, mara nyingine 31. Huo si ugonjwa.

Anayeendesha mambo haya ni ubongo. Ubongo hutuma wajumbe, ndio wanaoitwa homoni, kwenda kwa mifuko ya mayai. Mifuko ya mayai nayo hutuma wajumbe wake kwa tumbo la uzazi, na tumbo la uzazi hutandika kitanda cha mtoto. Mtoto asipokuja, kitanda hutandikuliwa, na ndiyo damu tunayoiona.

Sasa, mjumbe akicheleweshwa njiani, habari nayo huchelewa. Ndiyo maana njaa huchelewesha mwezi. Hofu huchelewesha, na kadhalika ugonjwa wenye homa kali, kukonda au kunenepa ghafla, na kunyonyesha. Mama anayetumia sindano au vijiti vya kupanga uzazi huweza kuona damu bila mpango, au asiione kabisa. Na mama aliyefika miaka arobaini na kitu anaweza kuona mwezi ukianza kuyumba kwa sababu wakati wake unakaribia kwisha.

Tumeyataja haya mapema kwa makusudi. Mtu akisema "ni chanjo," lazima kwanza tujue orodha ya mambo mengine.

Mwaka ule wa korona

Hebu tukumbuke mwaka 2021. Mwanzoni mwa Machi ndege ilileta Nairobi dozi za kwanza za chanjo ya AstraZeneca, zaidi kidogo ya milioni moja kwa nchi nzima. Baadaye zilikuja aina nyingine: Moderna, Pfizer, Johnson & Johnson na Sinopharm. Tarehe 26 Machi mwaka huo huo, Rais Uhuru Kenyatta alifunga kaunti tano, na Kiambu yetu ilikuwa moja yao. Mnakumbuka. Kafyu ilianza saa mbili usiku. Vibarua vya viwandani na mashambani vilipungua. Watoto walikula mara moja kwa siku, na mama hakula kabisa ili watoto wale.

Kwa hiyo mama aliyechanjwa mwaka ule hakuchanjwa katika mwaka wa kawaida. Alikuwa na njaa, alikuwa na hofu, pengine alikuwa ameugua korona yenyewe bila kupimwa, na huo ugonjwa nao unaweza kuvuruga mwezi. Halafu akapata sindano, na mwezi ukabadilika. Nani atamwambia kwa hakika ni kipi kati ya hivyo vinne?

Lakini tusikimbie swali. Wanawake hawakubuni jambo hili. Si Thika peke yake, na si Afrika peke yake. Mwanzoni mwa 2021 mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Kate Clancy alieleza hadharani kwamba mwezi wake ulibadilika baada ya chanjo. Wanawake wengi sana wakamjibu: hata mimi. Yeye na mwenzake Katharine Lee wakaanza kukusanya habari. Matokeo yaliyotolewa Julai 2022 yalitokana na watu zaidi ya 39,000. Kati ya wale ambao mwezi wao ulikuwa wa kawaida kabla ya chanjo, asilimia 42 walisema damu ilizidi, na asilimia 44 walisema hawakuona mabadiliko.

Hapa tuwe waangalifu. Ukiita mkutano wa watu wenye malalamiko juu ya barabara, watakaokuja wengi ni wale ambao gari lao limekwama. Waliojibu ni wale waliopenda kujibu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila wanawake mia moja waliochanjwa, 42 walitokwa na damu nyingi. Tunachoweza kusema ni kwamba jambo lipo, na si la watu wachache.

Daftari zilisema nini?

Wengine walifanya utafiti kwa njia bora zaidi. Walitumia wanawake ambao tayari walikuwa wakiandika siku zao kwa simu, kila mwezi, kabla ya chanjo na baada ya chanjo. Tena wakawalinganisha na wanawake ambao hawakuchanjwa. Ni kama kukagua kitabu cha chama: huulizi watu wanakumbuka nini, unafungua ukurasa.

Utafiti wa kwanza ulitolewa Januari 2022 juu ya wanawake karibu 4,000 wa Marekani. Wa pili ulitolewa Septemba 2022 juu ya watu karibu 20,000 wa nchi mbalimbali. Zote mbili zilisema karibu jambo moja. Baada ya sindano, mwezi ulirefuka, lakini kwa wastani haukufika hata siku moja nzima. Halafu ukarudi ulivyokuwa.

Mama mmoja atasema: "Lakini wangu ulichelewa siku kumi, si siku moja!" Mama huyo hasemi uongo. Wastani huficha watu. Mkiwa kumi, na tisa hawakukosa kitu na mmoja amepoteza shilingi elfu moja, kwa wastani kila mtu amepoteza shilingi mia, lakini nyumba moja ndiyo inalia. Katika utafiti ule wa kwanza, wanawake waliopata sindano mbili ndani ya mwezi mmoja wa hedhi ndio walioguswa zaidi. Kati yao, karibu mmoja kwa kila kumi aliona mwezi ukibadilika kwa siku nane au zaidi. Kwa wale ambao hawakuchanjwa, walikuwa karibu wanne kwa kila mia. Hata hao waliochanjwa, miezi iliyofuata ilirudi kawaida. Hapa kwetu sindano mbili za AstraZeneca ziliachana kwa majuma mengi zaidi.

Na damu kuzidi? Oktoba 2022 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilipendekeza kwamba karatasi ya maelezo ya chanjo za Pfizer na Moderna iongezwe maneno haya: damu nyingi ya hedhi ni jambo linaloweza kutokea. Ilisema pia kwamba mara nyingi halikuwa jambo la hatari, na lilikuwa la muda. Basi yule mama aliyeambiwa kliniki kwamba anajisumbua bure, alikuwa na haki ya kusikilizwa.

Sasa swali kubwa, lile linalotisha: je, chanjo ilifunga uzazi? Utafiti mwingine uliotolewa Januari 2022 ulifuata zaidi ya wenzi 2,000 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto. Waliochanjwa na wasiochanjwa walipata mimba kwa kiwango kile kile. Kilichoonekana ni kwamba mwanaume aliyetoka kuugua korona, nguvu zake za uzazi zilipungua kwa muda mfupi. Akina baba, mmesikia hilo. Ugonjwa ndio uliogusa, sindano haikugusa.

Wataalamu wanafikiri sababu ya mwezi kuyumba ni hii: sindano inaamsha askari wa mwili, yaani kinga, na askari hao na wale wajumbe wa mwezi hutumia njia moja. Siku askari wanapopita kwa wingi, wajumbe hungoja kando. Wakishapita, njia inafunguka.

Kwa nini hatukuambiwa mapema?

Hapa ndipo tunapokuwa na malalamiko ya haki, na tuyaseme wazi. Chanjo zile zilipojaribiwa, watu waliulizwa juu ya homa, maumivu ya mkono, uchovu na kichwa kuuma. Juu ya mwezi, kwa kawaida hawakuulizwa. Na si kwamba jambo lenyewe ni geni: mwaka 1913 daktari mmoja wa Marekani alikuwa ameshaandika juu ya chanjo ya taifodi na hedhi. Zaidi ya miaka mia ikapita. Agosti 2021, wakati mamilioni ya wanawake wameshachanjwa, ndipo serikali ya Marekani ikatoa fedha, karibu dola milioni 1.7, za kuchunguza jambo hili.

Kama mama angeambiwa siku ya sindano, "Mwezi huu siku zako zinaweza kuchelewa au damu ikazidi kidogo, mwezi ujao au wa pili itarudi, isiporudi njoo," angeenda nyumbani kwa amani. Ni maneno ya dakika moja. Hakuambiwa. Akajionea mwenyewe, akaogopa, akamuuliza jirani. Na jirani naye alikuwa amesikia mambo.

Pengo likibaki, uvumi hulijaza

Sisi wa Kanisa Katoliki Kenya tunalijua jambo hili kwa karibu. Mwaka 2014, wakati wa kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49, Maaskofu wetu walitoa taarifa ya wasiwasi. Walisema sampuli zilizopimwa zilionyesha homoni ya ujauzito iitwayo hCG, na wakaogopa kwamba chanjo ingefunga uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikana. Walieleza kwamba mashine zilizotumika zimetengenezwa kupima damu na mkojo wa watu, si dawa ya chanjo. Iliundwa kamati ya pamoja, sampuli zikapimwa tena, na ubishi haukwisha kwa wote kupeana mkono.

Wengi wenu mlikuwepo. Mlisikia mambo mawili kwa wiki moja: redioni hivi, kanisani hivi. Tunasema nini leo? Tunasema kwamba kuuliza si ujinga. Mtu anayeuliza kwa nini wanawake tu, na kwa nini wa umri huo tu, anauliza vizuri. Jibu lake lilikuwepo: mama akichanjwa, hupitisha kinga kwa mtoto aliye tumboni, na kitovu cha mtoto kikikatwa kwa wembe mchafu pepopunda haimuui. Jibu hilo lilipaswa kufika vijijini kabla ya sindano. Uvumi wa namna hiyo ulikuwa umeshasikika Mexico na Ufilipino miaka ya 1990. Haikuwa vigumu kujua kwamba utakuja kwetu pia.

Wakati wa korona, Maaskofu wetu walisema Machi 2021 kwamba chanjo inakubalika, na Agosti mwaka huo Baba Mtakatifu Fransisko alisema kuchanjwa ni tendo la upendo. Lakini ndani ya Kanisa letu kulikuwa na sauti nyingine. Marehemu Dkt. Stephen Karanja, daktari wa akina mama na kiongozi wa chama cha madaktari Wakatoliki, aliipinga chanjo hiyo waziwazi. Alifariki kwa korona mwishoni mwa Aprili 2021. Mungu amlaze pema. Hatumtaji ili kumsema vibaya. Tunamtaja kwa sababu wengi wenu mlimsikia, na ni haki mjue mwisho wa habari.

Sasa tutazame mbali kidogo, Japani, kwa sababu linahusu mabinti zetu. Kule walikuwa wakichanja wasichana dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana karibu saba kwa kila kumi walichanjwa. Kisha zikatokea habari za wasichana walioumwa na kuvurugika mwezi. Juni 2013 serikali ikaacha kuwahimiza watu kuchanjwa. Idadi ikashuka hadi chini ya mmoja kwa kila mia. Mji wa Nagoya ukafanya uchunguzi, ukauliza wasichana karibu 30,000, waliochanjwa na wasiochanjwa, pamoja na maswali ya hedhi. Hawakuona kwamba matatizo yale yaliletwa na chanjo. Hata hivyo ilichukua mpaka Aprili 2022 serikali kurudi kuhimiza. Miaka karibu tisa ya wasichana ilipita hapo katikati bila kinga.

Kenya ilianza chanjo hiyo Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Sasa angalieni umri huo. Ni karibu na umri ambao msichana huanza kuona mwezi, na mwezi wa msichana, miaka ya kwanza, haujatulia. Leo unakuja, halafu miezi miwili haupo. Akiwa amechanjwa, mama atasema ni sindano. Asiyechanjwa naye ni vivyo hivyo, ila kwake hakuna wa kulaumiwa. Na saratani ya mlango wa kizazi inaua zaidi ya akina mama 3,000 wa Kenya kila mwaka. Hao ni mama zetu na dada zetu.

Mama aliyengoja

Tunamfahamu mama mmoja wa upande wa Ruiru. Hatumtaji, na ametupa ruhusa ya kusimulia. Alichanjwa mwaka 2021. Damu ikazidi. Alisema ni chanjo, jirani wakasema ni chanjo, mzee wa nyumba akasema ni chanjo, kwa hiyo itakwisha yenyewe. Alingoja. Ilipofika mwaka mzima alikuwa hawezi kubeba mtungi wa lita ishirini bila kuketi njiani. Alipopelekwa hospitali ilionekana ana uvimbe kwenye tumbo la uzazi, ule usio saratani, unaoitwa faibroidi. Damu ilikuwa imemwishia mwilini, akaongezwa chupa mbili. Uvimbe ule haukuletwa na sindano. Lakini jina la sindano ndilo lililomkalisha nyumbani.

Hii ndiyo sababu kubwa ya sisi kusimama hapa leo. Tukisema "hakuna kitu, ni mawazo yenu," mama hatarudi kliniki, kwa sababu amedharauliwa. Tukisema "kila kitu ni chanjo," mama hataenda kliniki, kwa sababu ameshapata jibu. Njia zote mbili zinaishia nyumba moja: mama anakaa kitandani akitokwa na damu.

Tufanye nini kikundini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyinyi mnaandika kila shilingi ya merigo. Basi tuandike na afya yetu.

1. Kila mama na kila binti aliyeanza kuona mwezi awe na kalenda yake. Ile kalenda ya parokia inatosha, au daftari la shule. Weka alama siku damu ilipoanza na siku ilipokwisha. Ikiwa nyingi, weka alama mbili. Siku ukipata chanjo yoyote, ukiugua homa, au ukianza au kuacha dawa, andika. Kalenda hiyo ni siri yako. Katibu wa kikundi asiikague.

2. Ukichanjwa na mwezi ukayumba, tulia, endelea kuandika. Baada ya mwezi mmoja au miwili unatakiwa kurudi. Usiporudi, nenda kliniki na kalenda yako mkononi. Nesi akiona tarehe, hawezi kusema ni mawazo.

3. Usingoje hata siku moja ukiona haya: unabadilisha pedi kila saa, mabonge makubwa ya damu, kizunguzungu au moyo kwenda mbio, damu baada ya kukutana na mume, damu katikati ya mwezi inayorudi rudi, damu imezidi siku nane, au mama aliyekwisha kufunga mwezi kwa mwaka mzima, halafu anaona damu tena. Hii ya mwisho, tafadhali, nendeni mapema sana. Na mwezi usipokuja kabisa, pima mimba kwanza kabla ya kulaumu kitu.

4. Omba jambo lako liandikwe. Madhara yanayofuata chanjo yana fomu yake katika vituo vya afya, na habari hufika kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Mwambie nesi: "Naomba tuandike." Hiyo siyo kesi wala ugomvi. Wanawake wa nchi nyingine walisikilizwa kwa sababu waliandika.

5. Kabla ya kampeni yoyote ya chanjo, kikundi kimwite mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye tangu 2023 anaitwa promota wa afya ya jamii, aje ajibu maswali. Julai 2025 watoto walipochanjwa taifodi na surua kote nchini, wazazi wengi waliuliza maswali yao siku ile ile, kwenye foleni. Mlangoni si mahali pa kufundishia.

6. Akina baba, mwezi wa mke wako ukichelewa usianze kuuliza ametoka wapi. Uliza kama anaumwa, na utafute nauli. Mama anayepoteza damu anahitaji maharagwe, terere, managu, na maini yakipatikana. Finyango la nyama lisiwe la baba peke yake.

7. Usipitishe habari ambayo hujui imetoka wapi. Lisemwalo lipo, ni kweli. Lakini kilichopo chaweza kuwa kidogo kuliko kinachosemwa. Hapa kilichopo ni mwezi kuyumba na kurudi. Kinachosemwa ni utasa. Tofauti ya hivyo viwili ni kubwa.

Neno la mwisho

Katika Injili ya Marko, sura ya tano, kuna mama aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga, na hali ikazidi. Alipita nyuma ya watu kwa sababu ya aibu. Bwana wetu alikuwa na haraka, anaitwa nyumbani kwa mkubwa mmoja ambaye binti yake anakufa. Hata hivyo alisimama, akauliza, na akamngoja mama yule aeleze habari yake yote mbele ya umati. Hakumwambia jambo hilo si la kusemwa hapa.

Vikundi vyetu vifanye hivyo hivyo. Tusimame, tuulize, tumngoje mama amalize. Kisha tumsindikize hospitali.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kikundi chetu, mama akiwa na shida ya mwezi humwambia nani kwanza? Kwa nini huyo?
2. Ni uvumi gani juu ya chanjo tuliousikia hapa kwetu? Nani anaweza kutusaidia kupima ukweli wake?
3. Je, mfuko wetu wa dharura unaweza kulipa nauli ya mama anayetokwa na damu usiku? Tukubaliane kiasi, na tuandike kwenye kumbukumbu za mkutano.
4. Akina baba wakae peke yao kwa dakika kumi, wajibu: tunajua nini juu ya mwezi wa wake zetu na mabinti zetu, na tungependa kujua nini?